Nati nne na neno "yaishe"

Sauti ilianza tulipolipita soko la Mariakani. Ko. Ko. Ko. Kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Unamsikia, lakini si kwako, unaendelea na chakula chako.

Mama alikuwa kiti cha nyuma akisinzia, leso imemfunika uso. Tulikuwa tunatoka Mombasa tunaelekea Voi arusini. Mimi nikaongeza sauti ya redio. Nalisema hili mapema kabla hamjanidhania mjanja: gari lilinibishia hodi, nami nikaongeza redio.

Kisha usukani ukaanza kutetema, na nyuma ya gari ikawa inayumba kama punda aliyelemewa. Lori la makontena lililokuwa nyuma yangu lilipiga honi ndefu. Dereva wake akatoa mkono dirishani, akawa anauzungusha hewani: gurudumu, gurudumu. Nikatoka barabarani, vumbi likatufunika.

Gurudumu la nyuma, kushoto. Gari langu ni Toyota Probox, inashikwa na nati nne kila gurudumu. Moja haikuwepo kabisa. Mbili nilizizungusha kwa vidole, kama kizibo cha chupa ya maji. Ya nne ilikuwa imebaki kwenye uzi wa mwisho, inangoja tu kishimo kimoja zaidi.

Gurudumu hilo lilikuwa limefungwa jana yake jioni, na fundi, dukani, kwa pesa yangu.

Watu wa barabarani

Dereva wa lori na taniboi wake, yaani utingo, walisimama. Hawakuuliza maswali mengi. Taniboi alinyanyua gari kwa jeki, akafungua nati moja moja kutoka magurudumu mengine, akazigawa ili kila gurudumu lipate angalau tatu za kulishika. Ni ujanja wa zamani, kila mtu wa barabara ya Nairobi anaujua. Alikaza, akakanyaga spana kwa mguu, akasema, "Nenda polepole, dada. Ukifika Voi, fundi kwanza, arusi baadaye."

Nilitaka kumpa chochote. Alikataa, kisha akakubali soda.

Mama alikuwa ameshuka, simu mkononi, anapiga picha. Alipiga gurudumu kabla halijaguswa, akapiga zile nati zilizolegea, akajipiga na yeye mwenyewe kando ya gari. Papo hapo akazituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na maneno haya: "Mungu ametunusuru, tumshukuru." Kabla sijawasha gari, amina thelathini zilikuwa zimeshaingia.

Mimi sikupiga picha hata moja. Nilikuwa natetemeka.

Jioni ya jana yake

Wiki tano zimepita, na bado nairudia ile jioni kama mtu anayetafuta pini kwenye zulia.

Nilinunua matairi mawili mapya. Nililipa kwa Lipa na M-Pesa. Ujumbe ninao, na unaonyesha saa, kiasi na jina la biashara. Kijana aliyenihudumia hakuzidi miaka ishirini na mbili, mikono myepesi, anaimba kwa chini. Alitoa matairi ya zamani, akavalisha mapya, akayapima balansi. Gurudumu la kwanza alilikaza kwa ile mashine ya hewa, trrr, trrr, nikasikia. La pili alilivisha, akazianzisha nati kwa vidole, kama inavyotakiwa, maana ukianza na mashine nati ikaingia kombo, uzi umekwisha.

Hapo matatu iliingia kwa fujo. Makanga akaruka nje, pancha, wana haraka, abiria wamo ndani. Bosi akapaza sauti kutoka ofisini, na kijana akaenda.

Alirudi baadaye, akashusha jeki, akakusanya vifaa. "Tayari, mama."

Je, kati ya kurudi na kushusha jeki, alikaza? Mashine ililia? Sijui. Nilikuwa nasoma ujumbe wa kundi la arusi, watu wakibishana rangi ya sare. Siwezi kuapa kwamba hakukaza. Nikiulizwa mbele ya watu, jibu langu la kweli ni kwamba sikuangalia.

Hiki ndicho kilichoninyima usingizi zaidi ya gurudumu lenyewe. Mtu unapotaka kudai haki yako, cha kwanza unachogundua ni matundu ya ushahidi wako mwenyewe.

Tundu limekuwa yai

Fundi wa Voi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilitoa gurudumu, akanionyesha rimu. "Tundu la nati huwa duara. Tazama hili limekuwa yai."

Akanieleza kwa subira, kana kwamba alikuwa na siku nzima. Nati isipokazwa, rimu haikai imara. Inacheza kidogo kila gurudumu linapozunguka. Unayaona ni machezo madogo, lakini gurudumu huzunguka mara mamia katika kila kilomita, na kila mzunguko unaitafuna ile parafujo, mafundi wanaiita stadi, na kuipanua ile njia yake. Nati nayo inajifungua yenyewe. Nikamuuliza, basi si zikazwe tu kwa nguvu zote? Akacheka. Kukaza kupita kiasi nako ni maradhi: stadi inavutika kama mpira wa suruali kuukuu, na siku moja inakatika bila taarifa. Ndiyo maana magari yana kipimo. Toyota ndogo nyingi ni nyutoni-mita 103, na kuna spana maalumu ya kupimia, inayolia "tik" ukifika. Nati hukazwa kwa kuruka upande hadi upande, si kwa kufuatana, na mkazo wa mwisho hutolewa gari likiwa limegusa chini.

Nilimwomba aniandikie. Hapo subira yake ikaisha. "Mimi nitakutengenezea, mama. Mambo ya karatasi, sitaki kesi na mtu."

Nilimwelewa. Fundi hamwandikii fundi mwenzake. Tulivutana kidogo, mwishowe akakubali kuandika alichokiona tu, bila kumtaja mtu: matundu mawili ya rimu yamepanuka, nyuzi za stadi nne zimeliwa, rimu haifai tena. Tarehe, sahihi, muhuri wa gereji. Mistari mitatu. Sikujua wakati ule kwamba karatasi hiyo ingekuwa na nguvu kuliko hasira yangu yote.

Rimu ya mtumba 3,000, stadi na nati 1,200, ufundi 1,500. Tukalala Voi usiku wa ziada, 2,500. Jumla shilingi 8,200.

Ya hofu sikuandika. Hofu haina risiti.

"Mwambie mumeo aje"

Mwenye duka alinisikiliza akiwa anahesabu pesa. Nilipomaliza akauliza mume wangu yuko wapi, aje wazungumze. Nikamwambia gari ni langu, mume hayumo kwenye kadi. Akatabasamu kwa namna ambayo akina mama mnaoendesha mnaijua.

"Gari ikitoka langoni, mama, ni yako. Barabara zetu unazijua." Halafu akasema waliniambia nirudi baada ya kilomita 50 nati zikazwe tena, na sikurudi.

Hawakuniambia. Lakini hata kama wangeniambia! Kurudi kukaza upya ni jambo jema, tena mafundi wazuri wanalihimiza. Ila kutoka Mombasa mpaka pale nilipokwama barabarani, mbele kidogo ya Mariakani, hazifiki hizo kilomita 50. Kwa hesabu yake mwenyewe, gurudumu lilitakiwa likae mpaka siku ya kurudi. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaigeuza risiti yangu na kuweka kidole kwenye muhuri wa bluu: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nikaondoka. Nakiri, niliondoka nikiwa nimeshindwa. Ule muhuri ulinitisha. Ni wino tu, lakini umekaa kwenye risiti zetu tangu tukiwa watoto, mpaka tunaona kama ni aya ya sheria.

Si sheria. Usiku ule nilisoma Katiba yetu ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, kwa mara ya kwanza nikiwa nahitaji kitu kutoka kwayo. Mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, ana haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na ana haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro. Huduma imetajwa humo kwa jina. Tairi halikuwa na kasoro. Nililisoma mpaka zile tarakimu nne za ubavuni zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa, lilikuwa changa. Kasoro ilikuwa kwenye mkono uliolifunga, na mkono huo niliulipia. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Inahesabu kwamba kila anayetoa huduma ameshaahidi ubora unaofaa, hata kama hakutamka neno. Na masharti yoyote ya kuikana ahadi hiyo, yawe kwenye mkataba au kwenye muhuri wa bluu, ni batili.

Nilisoma hilo neno, batili, mara tatu.

Yaishe

Mama hakupenda. "Mwanangu, tuko hai. Yaishe."

Nimelifikiria sana neno hili. Ni neno zuri. Limezima ugomvi wa mipaka, limerudisha wake majumbani, limewakalisha ndugu sahani moja baada ya miaka ya kununiana. Silidharau. Ila nimeanza kutazama linaelekezwa kwa nani. Biashara ikiharibika, anayeombwa aseme "yaishe" ni aliyeumia. Sijawahi kusikia wazee wakimwendea muuzaji kumwambia, yaishe bwana, mrudishie mtu pesa zake.

Na kuna hili la kunusurika. Lau gurudumu lingetoka likampiga mtu wa bodaboda, pangekuwa na polisi, maswali, pengine mahakama. Kwa kuwa halikutoka, kuna amina thelathini. Sheria ya fidia inapima kilichotokea. Kilichokosa kutokea kwa uzi mmoja wa nati haikipi bei. Duka limefunga magurudumu mangapi namna ile, yakakaa kwa bahati? Waliorudi kulalamika ni wangapi? Kila aliyenusurika alimshukuru Mungu akaendelea na safari, na kesho yake matatu nyingine ikaingia kwa fujo.

Nilimwambia mama nadhani Mungu hakutunusuru ili tunyamaze. Akaniambia nisimsemee Mungu. Hapo alinishinda.

Lakini picha alinitumia, zile za barabarani. Zilikuwa na saa na tarehe.

Simu ya saa tatu usiku

Niliandika barua ya ukurasa mmoja. Tarehe, huduma niliyolipia, kilichotokea, hasara ya 8,200, nakala ya ujumbe wa M-Pesa, picha, karatasi ya Voi. Nikatoa siku kumi na nne, na mstari wa mwisho ukasema kwamba zikipita nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizi zilianza kazi mwaka 2021. Madai hayapaswi kuzidi shilingi milioni moja, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60. Ya kwetu ya 8,200 ni vumbi tu mbele ya milioni, lakini vumbi nalo linaruhusiwa kuingia.

Siku mbili baadaye, saa tatu usiku, simu ikalia. Nambari ngeni.

"Mama, ni mimi kijana wa matairi. Naomba unisamehe."

Bosi alikuwa amemsomea barua mbele ya wenzake, akamwambia pesa zote zitakatwa kwenye kazi yake. Analipwa kwa gurudumu. Alinitajia kiasi kwa kila gurudumu, na sitakiandika hapa kwa sababu mtadhani nimekosea.

"Ulikaza?" nikamuuliza. Nilihitaji kujua, si kwa ajili ya barua.

Akakaa kimya. "Sikumbuki, mama. Wallahi sikumbuki. Siku ile nilifunga gari nyingi."

Basi tulikuwa wawili. Mimi sikuangalia, yeye hakumbuki.

Nilitaka kuirudisha barua. Nilikaa kitandani nikiwaza, haki gani hii inayopita juu ya kichwa cha mwenye duka ikamwangukia mtoto wa watu? Asubuhi nikaenda pale nikijua bosi hayupo. Kijana alikuwa anakaza nati za teksi, amesimama juu ya spana, anarukaruka kama mtu anayejaribu kitanda kipya.

Nikamuuliza kama hawana ile spana ya kupimia.

"Ipo," akasema. "Ipo ofisini, kwa kabati. Bosi anaifungia, ni ya bei, anasema tutaiharibu."

Nilisimama pale na jua linanichoma utosi. Spana ipo. Imenunuliwa, imefungiwa kabatini, na funguo ziko mfukoni mwa yule aliyeniambia barabara zetu nazijua.

Sikuirudisha barua. Niliandika ya pili. Humo nikasema nadai kwa biashara iliyopokea pesa yangu, kwa kuwa kazi ya mfanyakazi ni kazi ya mwajiri, na kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 haimpi mwajiri ruhusa ya kumkata mfanyakazi kwa uharibifu usiokuwa wa makusudi yake. Habari ya spana sikuigusa. Ningeiandika, bosi angejua imetoka kwa nani.

Mniambie kama nilikosea. Hoja yangu nzito kuliko zote niliiacha nje ya barua.

Elfu mbili

Siku ya kumi na mbili ilikuja M-Pesa ya 6,000. Baada yake ujumbe mfupi, bila salamu: "Yaishe mama."

Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Wiki iliyofuata nilimpigia kijana. Yupo bado kazini. Anakatwa, ndiyo, elfu mbili, kwa awamu mbili. Alinieleza bila kinyongo, jambo lililonitesa zaidi. Nilimtumia elfu mbili. Akairudisha. Nikaituma tena, nikamwambia ni ya soda, kama ya yule taniboi. Hakuirudisha tena.

Mama akapiga hesabu yake kwa vidole. "Hasara elfu nane na mia mbili. Umelipwa sita. Umetoa mbili. Kwa hiyo kesi umeshinda, na nne na mia mbili umelipa wewe."

Sina la kumjibu. Hesabu ni sahihi.

Jumatatu nina mpango wa kwenda mahakamani kwa zile 2,200 zilizobaki. Najua nauli na ada na siku nzima ya biashara vitazila. Mume wangu anasema ni ukaidi. Labda. Ninachotaka zaidi ni mwenye duka asimame mbele ya mtu aliyevaa tai, aulizwe nati hukazwa kwa kifaa gani dukani kwake, na ajibu mwenyewe. Kijana sitamwita. Akija kusema habari ya kabati, kazi hana.

Fomu nimeijaza jana usiku pale mezani. Nikamwambia mama atakuwa shahidi wangu.

"Mimi? Nikaseme nini mimi?"

"Ulichokiona Mariakani."

Akafikiri kidogo, huku anachagua mchele. "Mimi nilimwona Mungu tu."

"Basi njoo na simu yako," nikamwambia.